Mtungi Uliorudi kwa Mzee Tsuma

"Sema tena."

"Simtaki."

"Hivyo hata mbuzi hawezi kuamini, Kadzo. Nitazame usoni, halafu useme."

Kadzo alimtazama, midomo ikamcheza, akaangua kicheko na kumwegemea kifuani.

Walikuwa nyuma ya jiko la mamake Kadzo, huko ndani kabisa kupita Mackinnon Road, na Garama alikuwa akimfundisha mchumba wake namna ya kumkataa mbele ya wazee. Ndiyo, umesoma sawasawa. Mwanamume mzima alikuwa anafundisha namna ya kuachwa, tena kwa bidii.

Mambo yalianza hivi. Kadzo alipita mtihani akaitwa chuo kikuu kusomea ualimu. Mwaka huo nchi nzima ilikuwa inabishana juu ya mfumo mpya wa kugharamia vyuo. Wengine walisema ni haki kila nyumba ilipe kwa uwezo wake, wengine wakauliza uwezo huo unapimwa na nani. Mimi nilikuwa upande wa wanaouliza, na sijahama. Mwanafunzi alijibu maswali kwenye mtandao, kisha akapangwa kwenye kundi lake, maskini huku na wenye nacho kule.

Mamake Kadzo ni mjane. Pale saiba, kwenye duka la mtandao walikojaza majibu hayo, alipoulizwa ni nani anayeitunza nyumba, aliiweka leso yake sawa begani, akajibu kwa fahari:

"Nyumba yangu ina mwanamume. Andika Garama, mpishi wa hoteli ya Diani."

Hakudanganya. Kwao, mnazi wa posa ukishanywewa na wazee wa pande zote mbili, kijana anahesabiwa mtu wa nyumba. Kusema nyumba haina mwanamume kungekuwa kumtukana Garama. Kadzo aliketi pembeni, akasikia jina la mchumba wake likitajwa, akaona raha, akanyamaza.

Majibu yalipotoka, alikuwa amewekwa pamoja na wenye nacho. Mpishi wa hoteli ya kitalii, jamani. Nani angeieleza kompyuta kwamba watalii wakipungua, nusu ya wapishi hurudishwa makwao? Ada iliyotakiwa ingemaliza mbuzi wote wa mama na nyumba juu yake.

Waliambiwa wanaweza kukata rufaa, ila walete barua ya chifu kwamba Garama si mtu wa nyumba ile. Chifu aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Mama, mimi nilikuwepo," alisema. "Nilikunywa mnazi wenu kwa mdomo huu. Nitaandikaje kwamba huyu si mtu wenu?"

"Sasa tufanyeje, chifu?"

"Rudisheni posa. Ikisharudi, nitaandika, na itakuwa kweli."

Mama aliinama chini muda mrefu. Kadzo alidhani ni aibu tu.

Posa hairudishwi kwa simu. Mtungi wa mnazi hupelekwa kwa baba wa mwanamume, na msichana husema kwa kinywa chake kwamba hamtaki. Kadzo alilia siku nzima, akasema afadhali akae nyumbani afuge mbuzi. Garama ndiye aliyembembeleza. Alimwambia ni maneno tu, barua ikipatikana na masomo yakianza atakuja kuposa upya, tena na mtungi mkubwa kuliko ule wa kwanza. Ndipo wakaenda nyuma ya jiko kufanya mazoezi.

Nyumbani kwa Mzee Tsuma, babake Garama, hakuna aliyecheka. Wazee walikuwa wamekwisha kaa. Kadzo alipiga magoti, mtungi mbele yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Waniita baba, nawe umekuja na mtungi?"

Kadzo aliusogeza mtungi karibu na miguu ya mzee.

"Mwanangu amekukosea nini?"

"Hajanikosea, baba."

"Basi sema mwenyewe, tusikie."

Kadzo alimtafuta Garama kwa macho. Alikuwa amesimama mlangoni, akamwinamishia kichwa kidogo, kama walivyofundishana.

"Simtaki," alisema Kadzo.

Safari hii hata mbuzi angeamini. Mamake Garama alijifunika uso kwa leso, akaingia ndani. Mzee Tsuma aliuinua mtungi, akaumwaga mnazi wote chini bila kuuonja, akasema amesikia na wenzake wamesikia.

Chifu akaandika barua, na rufaa ikakubaliwa. Kadzo akapata ufadhili na mkopo, akaenda chuo. Mwanzoni Garama alimpigia simu kila jioni, masufuria yakilia nyuma yake. Baadaye simu zikawa za kubahatisha, kisha zikabaki meseji.

"Utakuja lini kuposa?" aliandika Kadzo.

"Soma kwanza."

"Garama, una mtu?"

Jibu lilikuja kesho yake. "Sina mtu. Soma, Kadzo."

Kadzo hakuamini. Alijua yanayosemwa juu ya vijana wa hotelini. Likizo ya Disemba ilipofika hakwenda kwao. Alishukia Ukunda na mkoba wake, akaenda moja kwa moja hadi lango la nyuma la hoteli, pale wapishi wanapotokea zamu zikibadilishwa. Garama alitoka na aproni mkononi. Alikuwa amekonda.

"Niitie huyo mwanamke nimwone," alisema Kadzo.

"Mwanamke gani?"

"Aliyechukua mahali pangu."

"Hakuna."

"Kama hakuna, kesho twende kwa baba. Nitapiga magoti tena, nimwambie ilikuwa ni kwa ajili ya barua."

Garama aliketi kwenye kreti tupu la soda, akasogea ampe nafasi.

"Posa ikisharudishwa, Kadzo, hairudi tena nyumba ile ile. Mnazi ukimwagwa, kwetu na kwenu hatuoani tena."

"Nani amesema?"

"Muulize mamako. Wazee wote waliokaa pale wanajua."

Kadzo alikumbuka mama alivyoinama mbele ya chifu.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu chifu alipofungua mdomo."

"Ukasimama nyuma ya jiko unacheka nami, unanifundisha, na huku unajua?"

"Ningekwambia, ungekubali kusema?"

Kadzo alilia kwa sauti, wapishi wengine wakapita wakitazama pembeni. Alimwambia wahamie Msambweni wakaishi wenyewe, hakuna anayewajua huko. Garama alikataa kwa upole. Mamake Kadzo atakapougua, nani wa ukoo atakayekanyaga nyumba ya binti aliyemchezea Mzee Tsuma mbele ya wenzake?

"Na tukisema ulikuwa mchezo," alisema, "barua ya chifu inakuwa uongo, na masomo yako yanakwisha. Nitakuwa nimekupoteza bure."

Nilisema mimi ni wa wanaouliza. Hapo kwenye kreti ndipo ninapotaka wenye mfumo huo watuonyeshe uwezo wa watu wale wawili ulipimwa vipi. Binti alikuwa na chuo kwa sababu hakuwa na mume, na mume alikuwa ameketi pale pale, bega kwa bega naye.

Ndani mtu aliita jina la Garama. Aliinuka, akafunga aproni, lakini hakuondoka.

"Sema tena," alimwambia.

"Niseme nini?"

"Ile ya nyuma ya jiko. Ulivyoisema mara ya kwanza."

Kadzo alifuta macho, akamtazama usoni.

"Simtaki," alisema, na sauti ikamkatikia katikati.

"Hivyo hata mbuzi hawezi kuamini," alisema Garama, akajipangusa uso kwa ncha ya aproni, akarudi jikoni.