Chura Kiunoni

Ndugu zangu, mvua ikitulia Kitomanga, nyumba yenye mihogo ya moto na chai haitaki kitu kingine. Erasmo alikuwa barazani ananoa panga la shamba. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, wanunuzi binafsi wa korosho wanamgombania kwa nguvu zake za kubeba magunia. Lakini akimwona chura, jitu zima lilipagawa. Kijiji kilimcheka, naye alicheka nao kwa aibu.

Mwanawe Severini alikuwa kikojozi. Siku hiyo mama yake Erasmo, Bibi Brigita, alimtibu kwa dawa ya wazee: akamfunga chura hai kiunoni. Mtoto akatoka mbio analia, akamrukia baba yake magotini.

Erasmo hakumwona mtoto, alimwona chura. Panga likashuka, likapasua paja la Severini hadi mfupa. Likapanda tena, likamkata mkewe Fortunata mkono alipomkinga mwanawe. Majirani walimwangusha kwa michi na mawe, wakampiga mpaka akatema meno.

"Ana shetani huyo," alisema Bibi Brigita. "Pigeni limtoke." Jamani, mama mzazi!

Fortunata aliapa kwamba Erasmo hatamwona mtoto mpaka apone woga wake. Ndipo Erasmo akapelekwa Lindi mjini kwa Dokta Moza, mtaalamu wa akili, anayemtuliza mtu kwa maneno hadi awe kama aliyesinzia, huku anasikia na kujibu. Bibi Brigita akakaa pembeni.

"Rudi siku ya kwanza ulipomwogopa chura," Dokta Moza alisema taratibu. "Unaona nini?"

"Mama amenifunga chura. Wenzangu wananichapa fimbo, wanaimba kikojozi. Nimeanguka, chura amenipasukia tumboni." Erasmo alijiparura tumbo mpaka likatoka damu. "Mama anacheka."

Bibi Brigita alijifunika khanga usoni. "Nilicheka kweli," alisema. "Na mimi nilifungwa hivyohivyo."

Matibabu yalichukua muda. Katika utulivu ule alizoezwa jina la chura, kisha picha, kisha chura ndani ya chupa, hata akaweza kumshika bila kutetemeka. Fortunata akatimiza neno lake, akamleta Severini akichechemea. Erasmo akakunjua mikono.

Mtoto alijikojolea palepale mlangoni. Akapiga ukelele, akamng'ata mama yake kidole apate kukimbia.

"Rudi nyuma, baba Severini," alisema Dokta Moza. "Sasa mgonjwa ni huyu, na chura wake ni wewe."

Mafunzo

Woga uliopita kiasi si shetani wala si uzembe. Una chanzo, mara nyingi utotoni, na unatibika kwa mtaalamu, hautibiki kwa fimbo. Kikojozi naye haponi kwa kutishwa. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sisi tunamcheka anayeshtuka, wala hatumuulizi aliumwa wapi, tena wakati mwingine nyoka mwenyewe ni sisi.