Pingamizi la Sasongko

Mchana huo duka la fotokopi nyuma ya chuo, hapa Yogyakarta, lilifurika wanafunzi mpaka nje, kila mmoja akipunga karatasi zake. Tiurma, binti wa kabila la Batak asiyejua kunong'ona, blauzi yake ya njano imelowa mvua, alinyakua furushi la karatasi akidhani ni lake, akaondoka. Kijana mmoja akamfuata hadi kwenye maegesho ya pikipiki. Alivaa shati la batiki lililonyooshwa vizuri.

"Samahani sana, Mbak. Labda, kama sikosei, hizo ni zangu."

"Labda, au ni zako?"

"Ni... zangu."

"Sasa si ungesema! Mvua yote hii unaniomba radhi tu, Mas?"

Jina lake Sasongko, Mjava wa hapahapa, ambako kijana huitwa Mas, yaani kaka, na msichana Mbak, yaani dada. Karatasi zilikuwa za somo lao wote wawili: semina ya falsafa ya mhadhiri wao, Bu Retnaning, inayofundishwa kwa Kiingereza. Wakaanza kusoma pamoja kwenye kibanda cha chai ya barafu. Sasongko aliijua sarufi yote, ila kuandika "mimi nadai" kulimtoa jasho, maana kwao mtu hajitangulizi. Tiurma alidai kila kitu, sarufi ikamfuata nyuma.

"Andika 'mimi', Mas. Hii si barua ya kuomba ruhusa."

"Na wewe weka nukta hata moja, Tiur, msomaji apumue."

Mwezi haukuisha, walikuwa wamependana, tena sana.

Kwenye semina ile kila insha ilipaswa kupingwa na mwenzako mbele ya darasa, nawe ujibu papo hapo. Bila pingamizi hakuna alama, na bila alama unaondolewa. Tiurma aliandika kwamba ahadi aliyopewa marehemu haitufungi, kwa kuwa hayupo wa kuumia. Mpinzani aliyepangiwa alikuwa Sasongko. Kasoro aliiona tangu siku ya kwanza. Lakini zamu yake ilipofika aliinamisha kichwa, akasema kwa Kiingereza safi kwamba insha ni nzuri na hana la kuongeza.

Bu Retnaning alifunga daftari. "Basi Tiurma hana cha kujibu. Mtarudia wiki ijayo, na hiyo ndiyo nafasi ya mwisho."

Alasiri simu ya Sasongko ikalia. Alikuwa Tiurma.

"Kosa uliliona, hukuliona?"

"Nililiona."

"Ukanyamaza!"

"Ningekuaibishaje mbele za watu, mpenzi? Kwetu umpendaye humpingi hadharani."

"Kwetu anayeachwa bila kubishiwa ni mtoto au mgonjwa. Mimi ni yupi?"

Tiurma akakata. Siku tano hakupokea simu zake, na Sasongko alikonda, hilo nisifiche.

Semina ya pili, Sasongko alisimama.

"Mimi sikubaliani na Tiurma." Darasa zima likageuka. "Anasema marehemu haumii. Lakini hata aliye hai, nikimsaliti asijue, haumii. Je, hiyo nayo ni halali?"

Tiurma akajibu. Sasongko akamrudia. Akajibu tena, naye akamrudia tena, sauti imepanda. Kiingereza chao kilichechemea na hakuna aliyejali. Mwishowe Tiurma alipiga mstari kwenye insha yake, uso umemwiva.

"Hapo sina jibu," alisema. "Sehemu hiyo nitaiandika upya."

"Hivyo ndivyo inavyofanywa," alisema Bu Retnaning, akiandika alama. "Unabaki, Tiurma."

Nje, Sasongko hakuthubutu kumtazama. "Umekasirika?"

"Nilitamani kukutupia kiatu." Akamshika mkono, watu wakiwaona. "Lakini ulinipinga kama mtu mwenye akili zake, nami nimefurahi mno. Krismasi twende kwetu. Mama atakwambia wewe ni laini mno, humfai binti yake. Utamjibu nini?"

Safari hii Sasongko alimtazama.

"Nitamwambia, 'Inang, mama, hapo umekosea. Nataka kumwoa Tiurma.'"

"Basi anza mazoezi leo," alisema Tiurma, machozi yakimlenga, "maana mama yangu hashindwi kwa raundi moja."