Santuri Haiendi Kuposa

"Aliko, niwekee ile albamu kwenye flashi. Nataka ipigwe Jumamosi kwenye send-off yangu."

Aliko alikuwa analehemu waya wa redio. Akaunguza kidole wala hakusikia.

"Send-off yako wewe?"

"Yangu. Naolewa Vwawa, na Osward."

Jamani, ngojeni niwaambie ilivyokuwa. Aliko ni fundi redio hapa Tunduma, kibanda chake kinatazama foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Nesta anauza vitenge vya Zambia mlango wa pili. Mwaka mzima, kila Jumapili wakitoka kanisani, Nesta alikuja akakaa kwenye kiti cha plastiki, na Aliko akampigia santuri ileile, albamu ya soul ya miaka ya sabini aliyoinunua Nakonde kwa mzee mmoja aliyekuwa anahama. Mwimbaji Mmarekani mweusi, kinanda na tarumbeta nyuma yake, na besi inayotembea taratibu kama mtu asiye na haraka ya kufika kwake. Upande wa kwanza ukiisha wanageuza, na mteja akija anaambiwa angoje nje. Kwenye wimbo wa tatu kuna mahali ngoma inanyamaza, mwimbaji anavuta pumzi, halafu anarudi na sauti inayokwaruza kwa uchungu. Hapo ndipo Aliko alipomtazama Nesta usoni. Kwake yeye, kutongoza kulikuwa kumekwisha.

Mwanaume mzima huyo. Kiingereza alikiokota kwa madereva wa Kizambia, Nesta anakijua cha kuuzia kitenge tu. Na hata angekijua, huku kwetu nani aliposwa na santuri? Unatuma mshenga, anafika kwa wazazi, anakaribishwa kiti, anasema kilichomleta. Mshenga wa Osward alishafika Igamba, kwao Nesta. Baba akamwita Nesta mbele ya wajomba, akamuuliza kama yupo mwingine anayemngojea. Nesta akaomba apewe muda kidogo, akatoka nje na simu yake.

"Si nilikutumia ujumbe?" akamuuliza Aliko sasa. "Nikaandika, 'Una neno lolote la kuwaambia kwetu?' Ukanijibu nini?"

Aliko alikumbuka vizuri. Alikuwa amejibu: "Njoo Jumapili tusikilize."

"Nilidhani unajua, Nesta. Nilidhani ule wimbo wa tatu umeshakwambia."

"Umeniambia nini? Nimeulilia bila kuelewa hata mstari mmoja. Yule mtu anasemaje?"

Aliko akanyoosha mkono kwenye santuri. Nesta akamshika.

"Usiupige. Sema wewe."

Akasema huku anatazama sakafu.

"Anasema, nyumba yangu ni ndogo lakini ukiingia itatutosha. Anasema tukae wote mpaka tuzeeke. Anasema naogopa kukuuliza, maana ukikataa sitakuwa na mahali pa kukuona tena."

Nje lori lilipiga honi ndefu. Nesta alikuwa analia, wala hakujificha.

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

"Mbona maneno yenyewe machache, Aliko. Ningekuitikia."

Aliko akaruka. Akasema anakwenda kumwona mzee Boazi wa kanisani awe mshenga wake, leo hii hii, wapande gari mpaka Igamba. Nesta akatikisa kichwa. Mahari imepokelewa, majina yametangazwa kanisani, na Osward hajamkosea kitu.

"Yeye alikuja kuuliza," akasema. "Simwaibishi mtu aliyekuja kuuliza."

Kunakili santuri si sawa na kunakili faili. Lazima ipigwe yote, mwanzo mpaka mwisho. Basi Nesta akavuta kiti, wakaisikiliza kwa mara ya mwisho, na Aliko akalia waziwazi, mteja mmoja mlangoni akajiondokea zake. Roho ilimuuma, jamani. Alikuwa na mwanamke pembeni yake mwaka mzima, akamwachia mgeni wa ng'ambo amsemee.

Santuri ilipoisha, Nesta akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Ule wa tatu uutoe."

"Si ndio unaoupenda?"

"Naupenda. Lakini sasa najua unasema nini, na mume wangu atakuwa amekaa pembeni yangu."

Aliko akaufuta, akampa flashi. Nesta akasema asante, akaenda kufunga duka lake.