Kitambaa cha Bulu Chini ya Mguu wa Mashini

Hapana, si muzaha, acheni niwaambie: huku Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi Malawi, Moïse, yule Musa wa Biblia, si jina tu. Mwenye kabaza, ile baiskeli ya kubeba bantu, ni moïse, juu anavusha. Mwenye kuzunguka asifike, moïse. Na mwenye kupotea na vitu vya benyewe, Mungu atusamehe, amefanya moïse.

Sasa Jumamosi saa moja asubuhi, Rosette, fundi wa nguo, alirudi kutoka kilio cha siku mbili, akakuta meza bila kichwa cha mashini, ile cherehani yenyewe. Saa mbili bantu bakakiona nyuma ya nyumba ya kijana wa kabaza. Jina la ubatizo? Moïse. Kwisha!

“Polisi!” bantu bakapiga kelele.

Papa Lucien, mulinzi wa kanisa, roho yake ilikataa kutulia. Bibi ya Moïse alikuwa karibu kuzaa. Akazunguka ile mashini mara tatu, akainua mguu wa mashini, kile chuma kinakanyaga kitambaa. Fundi akimaliza kazi anaacha kipande cha kitambaa pale chini, meno ya mashini yasikwaruze chuma. Hiki kilikuwa bulu.

“Mama Rosette, juma hili ulishona nini?”

“Nyeupe tu, papa. Kanzu za korali ya kanisa.”

“Na we, Moïse, unajua kushona?”

“Mi? Hata kifungo, bibi njo ananifungia!”

Bakacheka. Lucien akatazama mulango wa jirani yao, Norbert, naye fundi wa nguo. Umefungwa.

“Amepeleka uniforme za shule Kawale, kule Lilongwe,” Rosette akasema. “Za bulu, alisema zinangojewa leo.”

“Si alilia mashini yake imekufa tangu Jumatano? Amezishona na meno?” Lucien akauliza.

Akaweka kile kipande mufukoni.

“Mungojee, polisi basiitwe mpaka saa nane,” Lucien akasema, akapanda minibus ya Lilongwe. Saa nne na nusu akamukuta Norbert kwenye soko ya Kawale, uniforme mupya mukononi.

Saa saba na nusu bote babili bakasimama kwa Rosette, Moïse naye alikuwa pale. Lucien akamuonyesha Norbert kile kipande.

“Kichwa chako kiliiba, Norbert. Mukono wako ukaacha kitambaa kama kila siku.”

Norbert akakipokea. “Kazi ingepewa mwingine, papa. Nilitaka kurudisha mashini, nikasikia Rosette amefika.”

“Na kwa nini kwa Moïse?”

“Nilijua bakisikia lile jina, hakuna mwenye atauliza tena.”

Rosette alitaka kupiga kelele. Lakini nsima, ule ugali wa huku, ilikuwa inapoa, na tangu asubuhi hakuna mwenye alikula. Moïse akashika birika, akamumwagia Norbert maji ya kunawa.

“Nawa, papa. Kuanzia leo mwizi tutamwita norbert.”

Rosette akacheka mpaka machozi, Norbert akainamisha kichwa, akanawa. Bakakaa chini wote, bakakula.