Ekseli ya Abuku

Tulifika gereji ya Draku pale Koboko saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, jua limeshashuka upande wa Kongo. Ndugu yangu Jale alikuwa anachukua pikapu yake. Mimi nilikuwa nimetoka sokoni na fungu la samaki wakavu, nataka kurudi nyumbani Arua.

Boljointi za gari hilo, vile vifundo vya chuma vinavyoshika magurudumu ya mbele, zilikuwa zimelegea mara tatu mwaka huo. Njia za mashambani zilizitafuna. Za dukani hazikumaliza mwezi. Safari hii Jale alileta chuma chake mwenyewe, Draku akazichonga upya kwenye kerezo, mashine yake ya kuchongea chuma.

"Hii chuma ilivunja meno ya mashine yangu," Draku alisema, akijifuta grisi. "Gari itakufa, hii itabaki. Utaachia watoto."

"Wewe fundi au mchimba kaburi?" Jale akacheka.

"Chuma umetoa wapi?" nikauliza.

"Kwa babu, kule Abuku. Ile ekseli, dada."



Mwezi uliotangulia Jale alichimba shimo la choo kule Abuku, akakuta nusu ya ekseli ya lori la jeshi, imeviringishwa katika ngozi ya kondoo iliyooza. Alinipigia simu. Nikamwambia, "Irudishe." Akauliza kwa nini. Nikasema tena, "Irudishe," nikakata simu.

Sababu niliijua peke yangu. Katika ukoo wetu, habari ya damu hukabidhiwa mtu mmoja katika kila kizazi, naye huitoa akikaribia kufa. Bibi alinipa mimi. Alinishika kidole gumba, hakukiachia mpaka nilipoirudia yote bila kukosea.

Mwaka wa vita, babu, askari aliyekimbilia nyumbani, alipokea mgeni aliyeomba kulala. Mgeni akanawa mikono, akala chakula chetu. Babu akamdhania mpelelezi. Akampiga kwa ekseli ile. Goti la kulia. Goti la kushoto. Kiwiko cha kulia. Kiwiko cha kushoto. Kisha kichwa. Mapigo matano. Wazee walichinja kondoo, wakakipaka chuma mafuta yake, wakakizika, kisishikwe tena na mtu wa nyumba ile.

Ningeweza kumwambia Jale pale pale gereji. Badala yake nilipiga hesabu: mpaka Arua ni lami, saa moja tu. Nami sikuwa nakaribia kufa.

Nikapanda.

Gari lilikwenda vizuri. Hilo nalo lazima niliandike. Halikugonga wala kuyumba.

"Sikia, dada," Jale alisema. "Iko kimya kama msikiti siku ya Jumatatu."

Kiza kilikuwa kinaingia. Tulipita watu wa mwisho wanaotoka mashambani, majembe begani. Kisha barabara ikawa tupu.

Harufu ikaja kwanza. Mafuta ya kondoo, yakiungua.

"Samaki yako inanuka," Jale akasema.

Haikuwa samaki.

Ko.

Ilitoka chini, gurudumu la kulia. Lami ilikuwa laini, hakuna shimo. Lakini nilisikia sauti ya pili ndani ya ile ya kwanza, kama muhogo mkavu unaovunjwa.

Jale alipiga yowe. Goti lake la kulia lilikuwa limegeuka. Mguu ulilalia pedeli ya mafuta, na gari likaanza kukimbia.

"Toa mguu!"

"Haisikii! Dada, mguu haisikii!"

Ko.

La kushoto. Mfupa ulitoboa suruali. Damu ilinirukia mdomoni, ya moto.

Nikaushika usukani. Alikuwa bado ameung'ang'ania kwa mikono yote miwili, analia, analiita jina la mama. Nyuma yetu, kwenye sehemu ya mizigo, kitu kilikuwa kinajikokota kuja mbele. Polepole. Kwa kidevu.

Kisha pumzi, kwenye dirisha dogo nyuma ya shingo yangu.

"Mimi nilikula tu," ikanong'ona.

Ko. Mkono wa kulia wa Jale ukaachia.

Ko. Wa kushoto.

Nilijua linalofuata. Nilimkumbatia kichwa kwa mkono mmoja, kwa mwingine nikavuta breki ya mkono, nikapiga kelele: "Ni sisi! Babu yetu alikuua! Ulikuwa mgeni wetu!"

Pigo la tano halikuja.

Gari likazunguka, likaacha barabara, likalalia ubavu mtaroni.

Daktari alisema mifupa ilivunjwa na ajali. Ni mtu mwema, sikubishana naye. Lakini mimi nilisikia mifupa kabla gari halijaacha barabara, na ninajua kipi kilitangulia.

Miguu yote miwili ya Jale ilikatwa juu ya goti.

Siku ya tatu Draku alikuja hospitali. Hakutaka kukaa. "Boljointi iko nzima, mama. Hata moja haikulegea. Nilitaka kutoa." Alinionyesha kiganja kilichoungua. "Siku tatu, bado iko moto."

Alipoondoka, Jale akafungua macho. Ilikuwa mchana, jua limejaa chumbani. Mke wake Hadijah alikuwa anampangusa uso.

"Ile usiku ulisema babu aliua mutu," Jale akasema. "Wewe ulijua."

"Nilijua."

"Na uliacha mimi naendesha."

"Ndiyo."

Hadijah aliacha kupangusa. Hakunitukana. Heri angenitukana.

"Basi sema yote," Jale akasema. "Mpaka jina yake. Nimelipa, nataka kujua nimelipa nani."

Nikasema yote, kama bibi alivyonipa, sikuongeza, sikupunguza. Nilidhani ndiyo dawa. Nilidhani marehemu anataka tu kutajwa mbele ya watu wa nyumba iliyomuua.

Nikafika kwenye jina.

"Aliitwa Soka."

Chini ya kitanda mtu akaitika, kwa upole, kama mgeni anayeitwa kula.

"Mimi iko hapa."

Hakuna aliyeinama kutazama. Hadijah aliweka mikono yake yote miwili juu ya kichwa cha mume wake, akakifunika.