Chakula cha Mama Danse

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Danse alimkatia majani ng'ombe wa bibi yake. Ng'ombe huyo alikuwa na mimba, kwa hiyo hakulishwa majani peke yake. Bibi Shundure alimwongezea maganda ya maharage, pumba za shayiri na maji ya chumvi, kisha akasimama kumtazama akila.

"Kula, mwanangu," Bibi alimbembeleza. "Mnakula wawili."

Jikoni, mama yake Danse, Bekelu, naye alikuwa mjamzito. Alipakua wasa, mkate wa kwao Sidama utokanao na mmea unaofanana na mgomba, pamoja na sukuma wiki. Alimpa Baba kwanza, akafuata Bibi, kisha Danse. Mwaka huo mvua zilichelewa na mboga zilikuwa chache. Zamu ya Mama ilipofika, chungu cha mboga kilikuwa kitupu. Akala wasa na chumvi.

Kuku wao walitaga vizuri, lakini mayai yalikwenda sokoni. Siku moja Danse alimchemshia mama yake yai. Bibi akaliondoa kwenye sahani.

"Unataka kumuua mama yako? Yai linanenepesha mtoto tumboni. Siku ya kujifungua atapita wapi?"

"Lakini Bibi, mwalimu wetu alisema ni chakula kizuri."

"Mwalimu wako amezaa mara ngapi?"

Mwalimu wao alikuwa mwanamume.

Jumamosi iliyofuata, Danse na mama yake wakitoka mtoni, Mama aliyumba, akautua mtungi na kuketi kwenye tope. Midomo yake ilikuwa imepauka. Danse alikimbia kumwita Baba, na wote wakampeleka kituo cha afya, Bibi akiwafuata nyuma huku akiomba Mungu.

Muuguzi Workinesh alimpima Mama na kumtazama ndani ya kope.

"Damu imepungua sana, dada. Jana ulikula nini?"

"Wasa."

"Na juzi?"

"Wasa."

"Na leo?"

Mama alitabasamu kwa unyonge. "Kwani kuna kingine?"

Muuguzi alimpa vidonge vya kuongeza damu. "Hivi pekee havitoshi," alisema. "Anahitaji mayai, maziwa, maharage, mboga za majani na matunda."

"Mayai hapana," Bibi alisema. "Mtoto atakuwa mkubwa, ashindwe kutoka."

Danse alimtazama bibi yake. Aliogopa, lakini alimwogopea mama yake zaidi.

"Bibi, mbona ng'ombe unampa maharage na shayiri? Huogopi ndama atakuwa mkubwa?"

Baba aligeukia ukutani, mabega yakimcheza kwa kicheko.

"Huyu mtoto ana mdomo," Bibi alisema. "Kaurithi kwangu."

"Bibi," muuguzi alimwambia kwa upole, "mzazi asiye na damu huchoka kabla mtoto hajatoka. Hicho ndicho cha kuogopa."

Tangu siku hiyo Bibi akawa askari wa jikoni. Alibadilisha siagi yake kwa maharage ya jirani. Alihesabu mayai kabla Baba hajayapeleka sokoni, akabakiza ya mkwewe. Baba na Danse walilima bustani nyuma ya nyumba, wakapanda maboga na karoti. Na chakula kilipoiva, aliyepakuliwa kwanza alikuwa Mama.

"Na mimi je?" Baba aliuliza siku ya kwanza.

"Kwani wewe una mimba?" Bibi akamjibu.

Mama alipata nguvu, uso ukang'aa. Alijifungua kituoni mtoto wa kike mwenye sauti ya kuamsha kijiji, na Mama mwenyewe akaketi kitandani akiomba uji.

Majirani walipokuja kumpongeza, mmoja wao alikuwa mjamzito. Bibi alimkalisha karibu naye.

"Mwanangu, mimi nilimpenda mkwe wangu, lakini nusura nimdhuru kwa jambo nililolisikia tu na sikulichunguza. Mjamzito halishwi mabaki, wala halishwi chakula kimoja kila siku. Hata chakula kikiwa kichache, anatangulizwa yeye, na nyumba nzima inamtafutia. Wanaume pia. Umekula nini leo?"

"Wasa," yule mwanamke alisema, akiinamisha kichwa.

"Danse," Bibi aliita, "mletee mwenzetu maharage na maziwa. Bakuli kubwa."