Umeme Ulipokatika Katikati ya Mahojiano

Haya yalimpata shemeji yangu, mwandishi wa programu za kompyuta. Kama angeikosa kazi aliyokuwa akiiomba, angehamia kwetu, ukweni, na mabegi yake yote. Kampuni ilikuwa imemhoji kuliko mshukiwa wa mauaji, ikamfanya aandike programu nzima bure na kuuita "zoezi dogo". Siku ya mahojiano ya mwisho, kwa video, wakubwa walizima kamera zao kama kawaida, yake wakataka iwake.

Katikati ya swali, umeme ukakatika. Kompyuta ikazima, feni ikanyamaza, chumba kikawa giza. Akampigia simu ofisa ajira wa kampuni.

"Dada, ni mimi mnayenihoji, umeme umekatika! Waambie wanisubiri, msinichezee tena!"

"Samahani kaka, wewe nani? Tunayemhoji tunaendelea naye hapa. Anajibu vizuri sana."

"Anajibu nani? Mimi niko gizani!"

"Hebu nimuulize."

Shemeji akabana simu sikioni. Kwa mbali akasikia kibodi ikigongwa harakaharaka, ikasita. Kisha kikohozi chake, na sauti yake mwenyewe, tulivu:

"Kwangu? Hapana dada, umeme upo. Tuendelee."